Ng'ombe wa Gesare

Ogari alimng'ata Mogire mkononi, naye Mogire akaumwaga ugali wote chini ili wakose wote wawili. Ugomvi ulikuwa wa firigisi. Ungedhani ni watoto, lakini Ogari alikuwa na mvi kidevuni, na Mogire upara ulishaanza kumtambaa.

Tryphosa aliokota ugali huku machozi yakimlengalenga. Mogire alikuwa mwanawe wa kumzaa. Alikuja naye hapa Birongo, pamoja na binti yake Gesare, alipoolewa na Cleophas aliyefiwa na mke. Ogari alikuwa wa marehemu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, husema watu. Hawa hata mafahali hawakuwa, walikuwa ndama waliokataa kuachishwa ziwa.

Lakini nyuma ya firigisi palikuwa na jambo zito. Gesare alikuwa ameolewa Nyaramba, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa zizini kwa Cleophas. Kwa desturi, ng'ombe wa dada humwoza ndugu yake wa tumbo moja.

"Zizi ni la tata, baba yangu, si la baba yako," Ogari alisema. "Na mimi ndiye mkubwa. Naoa kwanza!"

"Ng'ombe ni wa dada yangu!" Mogire akajibu, akamrushia kata ya maji.

Cleophas alitikisa kichwa. "Niachie mimi, Mama Mogire. Huu ugomvi nitaumaliza mwenyewe."

Tryphosa alikuwa na sababu ya kuharakisha. Muda si mrefu kabla ya hapo, Gesare alikuwa amekuja mbio kutoka Nyaramba, jicho limevimba, jino la mbele halipo. "Mama, nikirudi ataniua." Tryphosa alimkanda kwa maji ya moto, akamfungia ndizi za njiani, kisha akamsindikiza mwenyewe hadi njia panda. Binti akibaki kwao, ng'ombe hurudishwa kwa mumewe.

"Vumilia, mwanangu. Ukibaki, ndugu yako hataoa."

Gesare aliondoka bila kuaga. Tryphosa alirudi nyumbani akijichukia, na tangu hapo hakumpa mumewe nafasi ya kupumua mpaka akakubali ng'ombe watolewe mahari. Cleophas alimtuma yeye mwenyewe upande wa Ogembo, akamchunguze msichana aitwaye Nyanchera.

Alirudi ameridhika. "Ana adabu, na jembe analijua. Ila ni mdogo kidogo."

"Atakua," alisema Cleophas.

Mzee alikuwa mchangamfu siku hizo. Alinyoa ndevu kila asubuhi, ingawa kanisani aliacha kwenda, akisingizia mgongo. Alimwita Ogari faraghani, wakaongea, na Ogari akatoka akicheka peke yake. Hakuusema tena ukubwa wake. Tryphosa alimshukuru Mungu, akakikandika upya kibanda cha Mogire kwa mikono yake. Ng'ombe wa Gesare wakaswagwa kwenda Ogembo.

Bibi harusi aliletwa alasiri, akizungukwa na shangazi zake. Tryphosa alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mogire alisimama mlangoni pa kibanda, shati limepigwa pasi, akitabasamu kama mtoto wa Krismasi. Mama alimtazama akafurahi, furaha ya kweli, ya kwanza tangu siku ile ya njia panda. Mateso ya binti yake hayakwenda bure.

Nyanchera alipita mbele ya Mogire bila kugeuza shingo. Akakipita na kibanda cha Ogari. Shangazi zake wakamwingiza nyumba kubwa, ambamo Cleophas alikuwa ameketi ndani ya koti jipya, mikono juu ya magoti.

"Mama Mogire," alisema mzee, "sogea kidogo. Mpishe mke mwenzio aketi."