Sufuria ya Theopista

Leodgar alikula ndani ya Landrova ya chama, vioo vimefungwa, jua la Oktoba linamchemsha kama kiazi. Nje, wazee wa Usevya walikuwa wamelizunguka sinia la wali na kuku pamoja na Ponsian.

Enzi za chama kimoja: madiwani wawili, kiti kimoja cha ubunge. Leodgar alama yake Nyumba, Ponsian Jembe. Chama kiliwatembeza pamoja, gari moja, jukwaa moja.

"Bwana Nyumba!" Ponsian aliita, mafuta ya kuku yanamtiririka hadi kiwikoni. "Toka humo, utaiva bure!"

Watu wakacheka. Mama mmoja akamsogezea bakuli dirishani, akaonja yeye kwanza, kama desturi ilivyo, mgeni aone chakula hakina sumu. Leodgar akatikisa kichwa. Mama akaondoka na bakuli lake.

Angekulaje? Mkewe Theopista alishamwonya. "Baba Fabiani, Ponsian kanunua dawa kwa mganga wa Ikola. Kila kijiji ana mtu wake jikoni. Hata akionja mbele yako usiamini, huyo kashapewa kinga. Usile cha mtu."

Basi kila safari Theopista alimpikia mwenyewe, akaifunga sufuria kwa kanga yake. Mke wa namna hiyo utampata wapi? Udiwani ulikuwa umempa Leodgar baiskeli, redio, na Josephina, mke mdogo aliyemwoa Mpanda mjini siku za vikao vya halmashauri. Padri alimnyima komunyo. Theopista hakununa hata siku moja.

Kijijini Karema akakataa ugali. Ikola wavuvi wakamchomea samaki, akasema ana kiungulia. Huko Kakese akainusa togwa, akairudisha. Kadiri kampeni ilivyosonga yeye alikonda, Ponsian akanenepa. Leodgar akajisemea: si unaona, dawa hiyo inafanya kazi.

Jembe likashinda kila kijiji.

"Atatusemeaje Bungeni," wanawake wa Usevya walisema akiwa anapita, wala hawakupunguza sauti, "mtu anayetuona sisi wachawi?"

Alifika kwake adhuhuri, akajitupa kitandani na viatu vyake. Nyuma ya ukuta, jikoni, akamsikia shemeji yake Marsela.

"Dada, hivi ile habari ya dawa uliipata kwa nani?"

Theopista alikuwa anasugua sufuria. Hakuacha kusugua.

"Udiwani uliniletea mmoja," alisema. "Ubunge ungeniletea wangapi?"