Jicho la Daktari wa Usingizi

"Usingizi wa gesi na wa sindano, upi unaiachia kinga ya mwili nguvu ya kupigana na saratani?" Noeline alimuuliza daktari wa usingizi, amelala chali kwenye meza ya upasuaji.

"Bado hatujui, mama. Ndiyo maana tunafanya utafiti huu: inachagua kompyuta, si mimi. Wewe imekupa gesi."

"Na angekuwa mama yako mzazi?"

"Huyo? Angegombana na kompyuta!" Daktari alicheka. Lakini jicho lilimponyoka, likatua kwenye bomba la sindano lenye dawa ya usingizi, nyeupe kama maziwa.

Noeline alikuwa amenadi ng'ombe mnadani Dubbo, Australia, maisha yake yote. Jicho la mnunuzi anayejifanya hataki alilijua.

Barakoa ya gesi ikamshukia usoni.

"Haya, vuta pumzi ndefu."

Noeline akaibana pumzi kifuani, asiivute ile gesi.