Vema kwa Kila Mada

Nje ya lango la shule, Kiwale aliikumbatia silabasi ya historia aliyoichapisha mwenyewe na kuitia jalada la plastiki. Kila jioni binti yake, Tunu, alichambua mchele huku akimweleza mada moja ya mtihani wa kimataifa aliokuwa akiufanya leo. Baba akiielewa, aliitia alama ya vema. Hakuna mada iliyobaki bila vema.

"Hebu niione," alisema mama mmoja aliyekuwa akimsubiri mwanawe. Akaifungua, akautazama mwaka uliochapishwa juu. "Baba Tunu, hii ni ya mwaka juzi. Mada zimebadilishwa karibu zote."

Kiwale aligeukia lango. Ndani, mtihani ulikuwa umeshaanza.

Mtihani ulipokwisha, Tunu alitoka macho mekundu, akamwona baba yake, akatabasamu haraka.

"Umetoka vilevile tulivyosoma, baba."

"Vilevile?"

"Hata lile swali ulilonibana nalo jana."

"Mungu mkubwa, mwanangu," alisema Kiwale, silabasi ameificha mgongoni.

Tunu akanyoosha mkono. "Nipe silabasi basi. Keshokutwa kuna karatasi ya pili. Leo jioni tuanze tena."

Kiwale alizidi kuibana, plastiki ikilia vidoleni mwake, na mkono wa binti yake bado ukingoja.