Uzito wa Pawasaplai

Katika duka la vipuri vya kompyuta, wakili alikuwa ameshapenda kasha la kompyuta la kioo lenye taa. Karani wake hakulitazama hata mara moja. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeungua na mafaili ya wateja wote, na fedha zilitosha kununua vipuri mara moja tu.

Karani alishika pawasaplai mbili, vile visanduku vya kuipa kompyuta umeme, moja kila mkono, akafumba macho kama anayepima viazi.

"Mama, zote wati mia tano," muuzaji alisema. "Soma lebo."

"Lebo ni karatasi, mwanangu. Hii nyepesi, unaniuzia upepo."

Wakili naye alizipima. Kweli, moja ilikuwa kama boksi tupu. Miaka kumi alikuwa akimpa mwanamke huyu kazi ya kupiga chapa tu.

Muuzaji alizirudisha zote mbili kwenye rafu.

"Subiri, mama," alisema taratibu. "Nikuletee kama ile ninayotumia mwenyewe."