Makovu ya Mtarakwa

Monica alihesabu tena makovu kwenye kisiki cha mtarakwa, goti likimuuma. Pete kwa pete, kila miaka michache palikuwa na kovu dogo la moto, lililopona. Kisha miaka sitini mitupu, tangu kuchoma nyasi msituni kupigwe marufuku. Mwisho, mkaa: moto mkubwa wa mwaka jana, uliouua mti.

"Nilichoma nyasi kidogo baada ya mvua, kama babu zetu, ili moto mkubwa ukose chakula," baba yake aliiambia mahakama miaka mitatu iliyopita. Wakamfunga. Shahidi wa mashtaka alikuwa Monica mwenyewe, askari wa msitu.

Aliteremka kijijini Uru, kwa baba yake aliyekwisha kufunguliwa, na jani la sale, lile la kuombea msamaha.

"Shikamoo, baba. Nimeuona mti. Ulisema kweli."

Mzee hakulipokea jani.

"Mimi nilikuwa najua," alisema kwa uchovu. "Mpelekee hakimu ukweli huo."