Chujio Jeupe

Mume wangu alikuwa akiwatambia ndugu zake mashine yake ya kusafisha hewa.

"Humu ndani mnavuta hewa ya mlimani," alisema, huku kifua cha binti yetu kikilia filimbi chumbani.

Nilifungua kifuniko cha mashine. Chujio lilikuwa jeupe pepepe, bado limo ndani ya nailoni ya dukani. Miezi yote tangu ainunue, mashine ilinguruma bure, naye akinifokea, "Mambo ya mitambo niachie mimi!"

Nikalichomoa, nikampakatisha mbele ya ndugu zake.

"Bwana mkubwa, wasomee hayo maandishi mekundu."

Akasoma kwa sauti ya chini, "Ondoa nailoni kabla ya..."

"Kabla ya nini? Paza sauti, mtaalamu!"

Mtoto akakohoa tena. Nikaenda kumvika viatu nimpeleke hospitali.