Ugali wa Bwana Shauri

Agnesi alichota unga kwa kiganja, na unga ukatembea. Funza. Harufu ya ukungu ilimpanda puani, akageuka kutema mate.

"Huu ndio wanaowapikia watoto wetu uji shuleni," alimwambia Mama Severa, akimkabidhi mfuko. "Elieshi wangu anaharisha siku ya nne leo. Sasa mchana Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, atauonja mwenyewe, hapa kwako, na Kasmir atanyang'anywa tenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Kasmir ndiye mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeiuzia shule unga huo. Barua tatu za akina mama wa mtaa zilijibiwa na ofisi ya Bwana Shauri kwa neno moja tu: thibitisheni.

Mama Severa aliukunjia mfuko pua. "Bwana Shauri atakula kwangu?"

"Kwako, mama. Upike hivyo hivyo, usichekeche hata kidogo."

"Haya, mwanangu. Nenda kampokee."

Adhuhuri Agnesi alirudi na mgeni, Kasmir nyuma yao akitokwa jasho. Ukumbi ulikuwa umefagiwa, mkeka mpya umetandikwa. Mama Severa, kanga imemlowa mgongoni na viganja vimemwiva, alileta maji ya kunawa, kisha sinia. Akina mama waliojaa mlangoni wakabana pumzi.

Bwana Shauri akamega tonge. Akatafuna. Akamega jingine.

Agnesi alingoja atapike. Wapi! Mzungu yule alikula mpaka akaramba vidole, Kasmir akimkodolea macho kama aliyeona jini.

"Ugali mzuri sana," alisema akiinuka. "Unga huu sioni kosa lake. Shule itaendelea nao."

Kichefuchefu kilichomkamata Agnesi kilizidi kile cha funza. Wamemhonga! Mtu mzima anameza uozo huku anatabasamu, ili watoto wa wenzake waendelee kuumeza! Alitema mate pale pale mgeni alipokuwa ameketi, akakimbilia jikoni akilia kwa hasira.

Mama Severa alikuwa anakung'uta kinu. Mfuko ulikuwa pembeni ya mlango, umefungwa vile vile, kamba yake haijaguswa.

"Uchafu wako huo, mwanangu, uchukue uende nao," alisema. "Tangu niolewe, hakuna mgeni aliyelishwa wadudu kwangu."